Nyumba Iliyopunguzwa Bei na Kufungwa kwa Sharti

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na kuharimisha riba. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Hakuna mtu wa pwani asiyejua nyumba isiyo na ardhi. Katika mitaa ya Mombasa yuko mtu anayemiliki kuta na mapaa na milango, na ardhi iliyo chini ya kuta hizo ni ya mwingine, naye humlipa kodi ya kiwanja. Mtu huyo akitaka kuuza, auza kuta wala hauzi ardhi. Mnunuzi kwanza hutaka kujua kama mwenye kiwanja ameridhika, na bei yake huwa chini ya bei ya nyumba ya jirani iliyo na hati ya ardhi. Wala muuzaji hasemi kuwa amedhulumiwa kwa bei hiyo, kwani na yeye alipoingia aliingia kwa bei ya chini. Tumeutanguliza mfano huu kwa sababu somo letu ni la nyumba ya namna nyingine, ambayo ndugu zetu waliohamia Uingereza huonyeshwa na kuvutiwa nayo, na ambayo hapa Kenya pia mlango wake umekwisha kufunguliwa. Nayo ni nyumba iuzwayo kwa bei ya kupunguzwa, kwa sharti kwamba mwenye kuinunua hataiuza kama apendavyo. Wengi huliona punguzo siku ya kununua, na sharti huliona siku ya kuuza.

Sura ya mas-ala

Jueni kwamba katika Uingereza mwenye kutaka kujenga nyumba nyingi pahali pamoja hapewi ruhusa hivi hivi. Kwa sheria yao ya mipango ya miji ya mwaka 1990, kifungu cha 106, baraza la mji laweza kufunga naye mapatano kwamba baadhi ya nyumba hizo ataziuza chini ya bei ya soko, ili wazipate watu ambao mishahara yao haizifikii nyumba za mji ule. Punguzo hilo kwa kanuni zao halipungui 20 katika kila 100. Mwaka 2021 serikali ya huko ikatoa mpango mwingine, ikauita First Homes, maana yake Nyumba za Kwanza. Punguzo la mpango huu ni 30 katika 100 kwa uchache, na baraza lenye hoja laweza kulifikisha 40 au 50. Mnunuzi awe hajapata kumiliki nyumba kabla yake. Pato la watu wa nyumba yake kwa mwaka lisipite pauni 80,000, na katika London pauni 90,000. Na nyumba akae mwenyewe, asiifanye duka la kodi. Tangu Disemba 2024 serikali haiyalazimishi tena mabaraza kutaka sehemu maalumu ya nyumba za mpango huu, lakini zilizokwisha kuuzwa hazikufunguliwa. Kifungo chake kimebaki pale pale.

Na kifungo chenyewe ni hiki. Punguzo si zawadi aliyopewa mnunuzi wa kwanza akaondoka nayo. Punguzo lakaa na nyumba. Siku atakayoiuza, hata ikiwa ni baada ya miaka 20, yampasa auze kwa punguzo lile lile alilonunulia, kwa kipimo cha bei ya soko ya siku ile, na amuuzie mtu wa sifa zile zile. Sharti hili limeandikwa katika daftari la serikali la milki za ardhi, na mwandishi wa daftari haandiki jina la mwenye nyumba mpya mpaka aone cheti kwamba sharti limetimizwa. Kwa hiyo si maneno ya mdomo ambayo mtu aweza kuyasahau kisha yakapita.

Tuchukue mfano kwa majina wayatumiayo mafakihi, Zaidi na Amri. Zaidi alinunua nyumba ya vyumba viwili, ambayo bei yake sokoni ilikuwa pauni 300,000. Kwa punguzo la 30 katika 100 alilipa 210,000. Akaoa, Mwenyezi Mungu akamruzuku watoto watatu, nyumba ikawa nyembamba, akataka kuiuza ahamie pakubwa. Mtia thamani akaja akasema bei ya soko sasa ni 340,000. Basi Zaidi hawezi kutaka zaidi ya 238,000. Soko limepanda kwa 40,000, naye katika hizo amepata 28,000. Na lau soko lingeshuka hata 280,000, angeuza kwa 196,000. Soko lingepoteza 20,000 na yeye 14,000. Hapa utaona kwamba kupanda na kushuka vyote vimegawanywa kwa kipimo kimoja, 70 kwa 30. Jambo hili lina insafu ndani yake, nalo liko mbali na riba, kwani mla riba hutaka ziada kwa hali zote wala hashiriki hasara.

Walakini liko lalamiko moja la kweli, nasi hatutalificha. Paa likivuja, Zaidi hulitengeneza lote kwa fedha zake. Jiko akilijenga upya kwa pauni 12,000, na jiko hilo likaongeza bei ya soko kwa 10,000, yeye atapata 7,000 tu, isipokuwa waraka wake uwe umesema vingine. Gharama ni zake zote na faida ni kwa sehemu. Atakayelijibu lalamiko hili atasema: Zaidi amekaa miaka yote katika sehemu ile ya 30 bila ya kulipa kodi hata senti moja. Na jawabu hilo ni zuri. Lakini mwenye akili, kabla ya kubomoa jiko, na ahesabu kwanza.

Uzito wa kuuza

Taabu ya kwanza ni uchache wa wanunuzi. Nyumba ya wazi yaweza kununuliwa na yeyote mwenye fedha. Nyumba hii haiuzwi illa kwa mtu ambaye hajapata kumiliki nyumba, na pato lake halikupita kipimo. Na mabaraza mengine huongeza kwamba awe mwenyeji wa mji ule, au afanya kazi humo, au ana jamaa humo. Katika First Homes sharti la uenyeji hudumu miezi 3 ya kwanza tangu nyumba kutangazwa kuuzwa, kisha huondoka. Katika mapatano mengine ya zamani hudumu zaidi, na mengine hayana mwisho. Ajabu ya jambo hili ni kwamba mnunuzi huyo yatakiwa awe na pato dogo la kumfanya aruhusiwe, na wakati huo huo awe na pato kubwa la kumfanya apewe fedha za kununulia. Kati ya mistari hii miwili watu wanaosimama si wengi.

Taabu ya pili ni fedha zenyewe. Wenye kukopesha kwa rehani huogopa nyumba yenye kifungo, kwa kuwa husema: mdaiwa akishindwa, sisi tutaiuza vipi? Baadhi yao hukataa kabisa, na baadhi hutaka mnunuzi atangulize fedha nyingi zaidi. Kwa Muislamu mwenye kujikinga na riba uwanja wazidi kuwa mwembamba, kwa sababu zile kampuni za huko zinunuazo nyumba pamoja na mteja kwa njia ya ushirika na kodi, hata sehemu yake ikamalizika, ni chache tangu asili. Na kila moja yapasa iulizwe kama yakubali nyumba ya namna hii. Liko na jambo ambalo wengi hawalijui: kanuni ya First Homes yataka mnunuzi atoe nusu ya bei kwa uchache kwa njia ya rehani, au kwa njia ya ununuzi ifuatayo sheria ya Kiislamu, na kanuni yenyewe imeitaja njia hiyo waziwazi. Maana yake ni kwamba mtu aliyejinyima miaka mingi akakusanya bei yote taslimu ili asiguse riba, huyo naye haruhusiwi kununua kwa fedha zake zote. Tumelieleza hili kwa kuwa Zaidi aweza kumpata ndugu wa msikitini aliye tayari na fedha mkononi, wakafurahi wote wawili, kisha wakili akawaambia haiwezekani.

Taabu ya tatu ni muda. Kwanza mtia thamani, kisha barua kwa baraza, kisha kungoja jibu, kisha dalali. Madalali wengine hawaijui biashara hii, hutangaza nyumba kama nyumba ya kawaida yenye bei rahisi. Watu wakaja makundi kwa makundi, na kila mmoja akisikia sharti huenda zake. Miezi hupita. Na mtu aliyekwisha kuweka ahadi ya kununua nyumba nyingine hupoteza ile nyingine kwa kuikawilia hii.

Taabu ya nne ndiyo kubwa, nayo haiko katika kuuza bali katika kwenda. Zaidi akishauza ana 238,000. Nyumba ya wazi iliyo sawa na ile aliyoiuza, vyumba viwili vile vile, ni 340,000. Pengo ni 102,000, na siku aliponunua lilikuwa 90,000. Wala hawezi kununua nyingine ya punguzo katika mpango ule, kwa sababu yeye si mnunuzi wa kwanza tena. Basi kila soko linapopanda Zaidi hufurahi kwa kuwa nyumba yake imepanda, na asijue kwamba kule aendako kumepanda zaidi. Huyu hakudhulumiwa, lakini alifikiri amenunua ngalawa ya kumvukisha, kumbe amenunua pahali pa kukaa. Kwa mwenye kukusudia kukaa ni neema. Kwa mwenye kukusudia kupita ni jambo la kuhesabu kwa kalamu na karatasi kabla ya kutia mkono.

Mlango wa hila

Hapa ndipo shetani hukaa. Mwezi wa tisa umefika, nyumba haijauzwa, na Amri amekuja. Amri ana sifa zote, na aitaka nyumba. Asema: nitakupa 238,000 mbele ya wakili, na 20,000 mkononi mwako, wala hapana atakayejua. Watu wetu wa Mombasa wakiona haya huyapa jina lao la kale, wakasema ni kilemba. Au hawasemi fedha mkononi. Husema Amri amenunua makochi na mapazia na jokofu kwa 20,000, na vyote pamoja havifiki 1,500. Au Amri pato lake limepita kipimo, akaandikiwa barua ya mshahara mdogo. Au Zaidi asiuze kabisa, ahame, apangishe nyumba kwa siri na kuandika kwamba bado akaa humo.

Na mwenye kufanya haya hupata mtu wa kumtilia nguvu kwa maneno ya dini. Humwambia: sharti la kumzuia mtu asiuze mali yake ni batili katika sheria yetu, basi hukuvunja kitu. Maneno haya yana nusu ya kweli, na kwa hiyo yafaa tuyatazame vizuri.

Ni kweli kwamba katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii, mtu akiuza kitu na kumshurutizia mnunuzi asikiuze, sharti hilo lapingana na maana ya milki, na biashara yenyewe huharibika kwa ajili yake. Hoja kubwa katika mlango huu ni khabari ya Barira iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo Bibi Aisha alitaka kumnunua ili amwache huru, na mabwana zake wakashurutiza kwamba haki ya uwalii ibaki kwao. Mtume, rehema na amani zimshukie, akaupitisha ununuzi na akalibatilisha sharti, akaeleza kwamba sharti lisilokuwamo katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu halina nguvu hata yawe masharti 100.

Lakini wako na wengine. Jabir alimuuzia Mtume ngamia wake njiani, akashurutiza ampande mpaka Madina, na hili lilikubaliwa. Nayo imo katika Bukhari na Muslim. Tirmidhi amepokea kwamba Waislamu hushikamana na masharti yao, illa sharti lenye kuhalalisha haramu au kuharimisha halali. Na Imam Malik katika al-Muwatta amepokea khabari iliyo karibu mno na mas-ala yetu: Ibn Mas-ud alinunua mjakazi kwa mkewe Zainab, naye mke akashurutiza kwamba akitaka kumuuza, basi atarudi kwake kwa bei ile atakayouzia. Ibn Mas-ud akamuuliza Umar, na Umar akamwambia asimkaribie hali ya kuwa mtu mwingine ana sharti ndani yake. Wako walioifahamu khabari hii kuwa biashara imebatilika, na wako walioifahamu kuwa biashara ni sahihi, ila milki haikutimia hata akahalalikiwa naye. Ibn Taimiya, katika ulamaa wa madhehebu ya Hanbali, alishika kwamba asili ya masharti ni kufaa mpaka ipatikane dalili ya kuyaharimisha.

Tena sheria yenyewe imeziweka haki za wengine juu ya mali ya mtu. Muslim amepokea kutoka kwa Jabir hukumu ya shufaa, kwamba mshirika katika ardhi au nyumba isiyogawanywa haimjuzii kuuza mpaka amuarifu mwenziwe. Akitaka atachukua, akitaka ataacha. Na sote twajua nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja cha wakfu: kuta zaweza kuuzwa, na kiwanja hakiuzwi milele. Nyumba ya Zaidi, kwa tulivyoona, iko karibu na haya kuliko ilivyo karibu na sharti la kuzuia kuuza. Hakuna aliyemwambia asiuze. Ameambiwa auze kwa kipimo na kwa mtu wa sifa, na haki hiyo ya watu wa mji ilikuwako juu ya nyumba kabla hajaiona, katika mapatano ya mwenye kujenga na baraza. Ameinunua na haki hiyo imo ndani. Huo ndio mwelekeo wetu, na mwenye shaka na amuulize mwanachuoni wake kabla ya kutia saini, si baada ya miezi 9 ya kukosa mnunuzi.

Sasa turudi kwa yule mwenye kutoa fatwa ya kilemba. Tukimkubalia kwamba sharti ni batili, hakupata alitakalo. Ibn Qudama katika al-Mughni amelieleza jambo hili: sharti likibatilika na biashara ikabaki, muuzaji aliyepunguza bei kwa ajili ya sharti lile ana haki ya kurudishiwa kile alichopunguza. Basi Zaidi akisema sharti silitambui, yampasa kwanza arudishe zile 90,000 alizosamehewa siku ya kununua. Na akishika kauli ya madhehebu yetu kwamba biashara yote imeharibika, basi nyumba si yake hata kidogo, na arudishe nyumba achukue fedha zake. Katika kauli zote hizi hakuna hata moja imruhusuyo kulishika punguzo kwa mkono mmoja na kulitupa sharti kwa mkono wa pili. Aliyeyataka yote mawili hakufuata Shafii wala Ibn Hanbal. Amefuata matamanio yake.

Na bado uko uwongo juu yake. Kuandika 238,000 na kupokea 258,000 ni ushahidi wa uwongo mbele ya wakili na mbele ya serikali. Mwenyezi Mungu katika mwanzo wa Suratul Maida ametuamrisha kutimiza akdi zetu, na hakusema akdi za Waislamu peke yao. Na ile 20,000 imetoka mfukoni mwa nani? Imetoka kwa Amri, mtu mwenye pato dogo, ambaye nyumba ile iliwekewa kifungo kwa ajili yake hasa, asitozwe zaidi. Naye Amri siku yake ya kuuza itakapofika ataikuta 20,000 yake haimo katika waraka wowote. Atauza kwa kipimo, na fedha zile zimepotea, illa naye amtafute mtu wa tatu wa kumfanyia vile vile.

Muuzaji mwenye kumcha Mungu

Zaidi atauzaje, basi? Kwanza na autoe waraka wake wa ununuzi ausome mwenyewe, au asomewe na wakili, neno kwa neno. Maana mapatano ya mji mmoja si ya mji mwingine, na khabari za kusikia msikitini hazitoshi. Atafute mambo manne: nani aruhusiwa kununua, nani hutia thamani na thamani hiyo yadumu muda gani, baraza lina siku ngapi za kujibu, na muda ukipita bila kupatikana mnunuzi, kuna mlango gani wa kutokea. Hili la mwisho wengi hawaliulizi, na ndilo la kuokoa. Katika mapatano ya First Homes kwa kawaida upo mlango: nyumba ikitangazwa kwa kweli miezi 6 na asipatikane mwenye sifa, mwenye nyumba aweza kuliomba baraza aiuze kwa mtu yeyote kwa bei kamili ya soko, na ile sehemu ya punguzo alipe kwa baraza. Kwa hesabu yetu atauza kwa 340,000, atalipa 102,000, na zake zitabaki zile zile 238,000. Hakupata zaidi wala hakupungukiwa, lakini ametoka. Sharti ni kwamba awe na ushahidi wa kutangaza. Basi kila barua, kila tangazo, na kila jina la mtu aliyekuja kutazama na kwenda zake, na aviweke pamoja tangu siku ya kwanza, kwani baraza halihesabu miezi kwa kiapo.

Pili, na aandike barua kwa baraza kabla ya kumwita dalali, si baada yake. Tatu, amwambie dalali aliandike sharti katika mstari wa mwanzo wa tangazo. Watakuja watu 3 badala ya 30, na hao watatu ndio wanunuzi. Hili pia ni hukumu ya dini, kwa kuwa Mtume alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta maji chini yake, alimkemea mwenye nafaka kwa kutoweka ule umaji juu watu wauone. Sharti la kuuza ni umaji wa nyumba hii. Si aibu kuwamo. Aibu ni kulificha mpaka mnunuzi amekwisha kulipa wakili na mkaguzi. Nne, amuulize mnunuzi mapema fedha zatoka wapi, na kama kampuni yake imekubali nyumba yenye kifungo. Suala hili likiulizwa wiki ya kwanza huokoa miezi miwili.

Hapa kwetu

Kenya nayo ilipitisha sheria ya nyumba za bei nafuu mnamo Machi 2024. Kila mfanyakazi hukatwa 1.5 katika kila 100 ya mshahara wake, na mwajiri hulipa mfano wake. Nyumba zimegawanywa kwa pato: walio chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi wana zao, na walio baina ya 20,000 na 149,000 wana zao, na walio juu ya hapo wana zao. Namna ya kulipa, na kama mlipo una riba, ni mlango mwingine uhitajio somo lake. Lililo letu leo ni kwamba sheria hiyo imesema aliyenunua hatauza wala hatapatana kuuza nyumba yake, wala haki yoyote iliyomo, illa kwa idhini ya Bodi iliyotangulia, nayo iwe kwa maandishi.

Angalia, ndugu yangu, neno hilo la kupatana. Sisi watu wa pwani tumezoea kuuziana kwa maneno na mashahidi wawili na karatasi ya mzee wa mtaa, hati ikafuata baadaye au isifuate kabisa. Katika nyumba hizi desturi hiyo ni hatari kwa pande zote mbili: muuzaji amevunja sheria siku ya kupokea arbuni, na mnunuzi ametoa fedha kwa kitu ambacho hakimfikii. Na kifungo hiki kimezidi kile cha Uingereza kwa njia moja, kwamba kule mtu ajua tangu mwanzo kipimo cha bei na sifa za mnunuzi, na hapa idhini iko mkononi mwa Bodi. Mwenye kununua na aombe aelezwe kwa maandishi idhini hutolewa kwa sababu gani na hukataliwa kwa sababu gani, kabla hajalipa amana.

Nyumba hii katika mirathi

Limebaki jambo moja ambalo halikosi kuleta ugomvi. Zaidi amekufa, ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja, na nyumba ile ya Uingereza. Mwana mkubwa ataka kukaa humo na kuwalipa wenziwe sehemu zao. Wenziwe wamesikia kwamba nyumba za mtaa ule zauzwa 340,000, wakahesabu kwa hiyo.

Hesabu hiyo si sawa. Maiti harithiwi illa kile alichokimiliki, na Zaidi hakumiliki njia ya kuzipata zile 102,000. Sharti halikufa pamoja naye. Nyumba itathaminiwa 238,000. Baada ya kutoa gharama za maziko, na madeni, na yaliyobaki katika fedha za kununulia, na wasia ikiwa upo, kitakachosalia ndicho kigawanywe. Tukisema hakuna deni wala wasia, mke ana thumuni, nayo ni 29,750. Yasalia 208,250, ambayo ni mafungu 5: kila mwana wa kiume 83,300, na binti 41,650. Mwana mkubwa, fungu lake likiwa lake, atawalipa mama na ndugu zake wawili 154,700. Na kabla ya kulipa na atazame waraka kama yeye mwenyewe aruhusiwa kukaa na kuandikwa mwenye nyumba, kwani huenda ana nyumba nyingine au pato lake limepita, na ikiwa hivyo nyumba itauzwa na wote watagawana kilichopatikana. Tena sheria ya Uingereza, mtu akifa bila ya wasia ulioandikwa kwa taratibu zao, huigawa mali kwa mafungu yasiyokuwa haya. Basi Zaidi alipokuwa hai ilimpasa aandike wasia wa kuitaka mali yake igawanywe kwa faradhi, na aweke nakala ya waraka wa sharti pamoja nao katika bahasha moja, ili mjane asije akaambiwa na dalali bei ambayo nyumba yake haina.